Shajara ya mradi: Landirova 109 ya redio ya jeshi, Malindi

Novemba, kaskazi inaanza

Gari lililoingia karakana ni Landirova Series III, chesisi ndefu, inchi 109 kati ya ekseli mbili, injini ya petroli ya lita 2.25. Aina hii ilianza kutengenezwa 1971 ikakoma 1985. Hii ilikuwa gari la redio jeshini, na alama zote za kazi hiyo bado zipo: umeme wa volti 24, jenereta ya ampea 90, sanduku la betri mbili katikati ya viti vya mbele, matangi mawili ya petroli chini ya viti, na plagi zilizovishwa chuma hadi juu ili injini isilete mikwaruzo kwenye redio.

Bodi ya Landirova inadanganya. Mabati ya nje ni aloi ya alumini, hayapati kutu nyekundu, kwa hiyo gari la miaka arobaini hukaa limenyooka huku chesisi chini imebaki ganda. Mnunuzi wa Malindi anayezunguka gari kwa macho bila kulala chini ameshauziwa mbuzi kwenye gunia.

Ukaguzi tumeufanya kwa nyundo ndogo na bisibisi kuukuu. Chuma kizima kikigongwa hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kufa, na bisibisi huzama. Majibu ya gari hili: boriti ya nyuma ya chesisi, ile inayobeba ndoano ya trela, imeoza upande wote wa chini. Mikono miwili ya pembeni inayoshika ukuta wa mbele, ule unaotenganisha injini na viti, imekwisha. Mashikio ya springi yana kutu ya juu tu. Ukuta wa mbele wenyewe umetoboka sehemu za kuwekea miguu na chini ya nguzo za milango. Hakuna la kushangaza hapo, ndipo zote huozea.

Sababu iko ndani. Chesisi ni boksi la bati la milimita 2 hivi, lililochomelewa kingo. Mchanga wa ufuoni huingia kwenye matundu, matundu ya kutolea maji huziba, na tope lenye chumvi hukaa humo mwaka mzima. Hapa petu hata msimu wa kiangazi chuma hakikauki sawasawa, kwa kuwa chumvi hunyonya unyevu wa hewa. Kuosha nje kwa presha halafu kupaka rangi nyeusi ni kazi ya dalali. Na magari yaliyofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi upande wa Gongoni hatuyachukui kwa bei yoyote ile, hata yakiletwa yanang'aa.

Kufungua kumekwenda vizuri isipokuwa bolti za springi, kama kawaida yake. Bolti ya shakeli, kiungo kinachoshikisha springi kwenye chesisi, hupita ndani ya bomba la chuma la bushi, na kutu huzifanya kitu kimoja: ukizungusha nati, bolti inazunguka na bushi inanyonga mpira wake. Kupiga nyundo hapo huharibu shikio la chesisi, ambalo ndilo lenye thamani. Tunaloanisha kwa ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) na asetoni nusu kwa nusu kwa siku mbili. Zikikataa tunapitisha msumeno wa chuma kati ya springi na shakeli, tunakata bolti pande zote mbili, tunaangusha springi, kisha bushi inatolewa kwa presi. Bolti mpya ni rahisi kuliko shikio jipya.

Spana ni za inchi. Anayeingiza ya milimita 13 kwenye nati ya nusu inchi ataikwangua pembe, na baadaye atalaumu kutu.

Desemba, chesisi

Kabla ya moto wowote: matangi yote mawili yametoka na kupelekwa mbali, betri zimefunguliwa, waya za jenereta zimetenganishwa. Tangi tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa, maana kinacholipuka ni mvuke.

Boriti ya nyuma imetoka nzima. Kabla ya kuikata tulipima mishazari, kutoka tundu la springi ya mbele kushoto hadi la nyuma kulia, na kinyume chake, tukachomelea vyuma vya pembe vya muda kati ya reli mbili. Chesisi ikikatwa bila kushikwa hujifungua yenyewe, na baadaye milango haifungi na gari linavuta upande. Tofauti ya mishazari tunayoikubali ni milimita 3.

Kuchomelea: fimbo za E6013 za milimita 2.5, ampea kati ya 70 na 85. Ukipandisha unatoboa bati, ukishusha unapata mshono unaokaa juu bila kushika. Viraka vyetu ni vya milimita 3, tunakata kutu hadi chuma king'aacho pande zote, na kiraka kinakaa ukingo kwa ukingo. Kiraka cha kulalia juu ya kutu hufungia unyevu katikati ya bati mbili, na baada ya mvua mbili kinachanika pembezoni. Tunachomelea vipande vya sentimita 2 au 3, upande huu kisha ule, chuma kipate kupoa. Kila chumba kilichofungwa tunakiachia tundu la milimita 12 pahali pa chini kabisa. Fundi anayeziba kila tundu akidhani anazuia maji anayafungia ndani.

Kuondoa chumvi ndani ya reli kumechukua muda kuliko kuchomelea, na hatukubali mtu atuharakishe hapa. Mpira wa maji unaingizwa upande mmoja hadi maji yanayotoka upande wa pili yawe meupe. Kisima cha karakana kina maji ya magadi-magadi yenye chumvi, kwa hiyo suuzo la mwisho ni la maji ya mvua ya tangini. Kipimo chetu ni rahisi: chuma kilichosuguliwa kinaachwa usiku kucha. Kikiamka na rangi ya chungwa iliyosambaa sawasawa, ni umande tu. Kikiamka na vitone vyeusi vyenye majimaji, chumvi bado imo kwenye vishimo, na rangi yoyote itakayopakwa juu itavimba malengelenge. Upande wa kulia umesuuzwa mara nyingi zaidi kuliko wa kushoto. Ndio ulikokuwa na bomba la ekzosi na tope lililokauka kama saruji.

Vipuri vidogo vya chuma (mabano, bolti zisizopatikana, bawaba, kufuli za nyuma) vinasafishwa kwa umeme na magadi. Ndoo ya plastiki ya lita 20, maji ya mvua, vijiko vitano vya mezani vya magadi safi. Magadi ya dukani yenye udongo mwingi hayafai. Chaja ya betri ya zamani yenye transfoma, maana za kisasa hukataa kufanya kazi zisipoona betri. Waya hasi kwenye kipuri, waya chanya kwenye kipande cha nondo au bati la kutupwa, na viwili hivyo visigusane. Ukigeuza waya, kipuri ndicho kitakacholiwa. Ampea 2 hadi 4 usiku kucha, kutu inalegea na kugeuka tope jeusi linalotoka kwa brashi. Usitie chumvi ya jikoni badala ya magadi, itatoa klorini. Usitumie chuma cha pua upande wa chanya, maji yatakuwa sumu. Fanya nje, kwani povu lile ni haidrojeni. Alumini haiingii humo, wala springi, ambazo haidrojeni huzifanya zivunjike bila taarifa.

Kipuri kikitoka kinakaushwa na kutiwa praima saa ileile. Ukienda kula kwanza utarudi umekuta kutu mpya.

Januari, rangi na mabati

Ukame wa kaskazi ndio msimu wa rangi, lakini si saa yoyote. Alfajiri chuma kina umande usioonekana, na alasiri upepo wa bahari unaleta vumbi la chumvi. Tunapaka kuanzia kama saa tatu na nusu asubuhi hadi saa saba, baada ya kufuta kila sehemu kwa kitambaa chenye maji ya mvua na kuacha ikauke. Kanuni ya wapaka rangi ni kwamba chuma kiwe na joto la digrii 3 juu ya kiwango cha umande. Asiye na kipimo aweke kiganja, na akihisi ubaridi au unyevunyevu asubiri.

Chesisi: praima ya epoksi yenye zinki fosfeti makoti mawili, halafu nyeusi ya chesisi makoti mawili. Mishono na kingo zinapakwa kwa brashi kwanza, kwa sababu bunduki ya kunyunyizia huacha kingo kali na rangi nyembamba, na kutu huanzia hapo. Ndani ya reli tunanyunyiza nta: kilo 1 ya nta ya nyuki kutoka kwa wafugaji wa pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, iyeyushwe kwenye sufuria iliyokaa ndani ya maji moto, itolewe motoni kabisa, kisha lita 2 za oili mpya ya injini na lita 2 za tapentaini. Inapulizwa ikiwa vuguvugu kwa bomba refu lenye matundu ubavuni, hadi itone kwenye matundu ya chini. Wapo wanaopaka sifa, mafuta ya papa ya majahazi. Yanashika chuma, hilo hatubishi, lakini gari litafuatwa na paka mpaka Lamu.

Mabati ya alumini yana ugonjwa wao. Alumini na chuma vikigusana penye maji ya chumvi huwa betri ndogo, na anayeliwa ni alumini: unaona unga mweupe, rangi inainuka, halafu bolti inabaki imeshika hewa. Mahali pabaya zaidi ni pale bati la sakafu linapokaa juu ya ukuta wa mbele, na kingo za chini za milango zenye fremu ya chuma. Dawa ni kutenganisha. Tunakwangua unga wote, tunatia praima ya kuuma ya alumini kwenye bati na epoksi kwenye chuma, halafu kati yake ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, na kila bolti inapata wosha ya nailoni. Bolti za chuma cha pua bila wosha hiyo huzidisha ugonjwa, ingawa wauzaji husema ndizo dawa ya pwani. Mabati haya hayapigwi mchanga wa presha, yatapinda. Ni kemikali ya kuondolea rangi na mkwanguo wa plastiki.

Rangi ya juu: mwenye gari alitaka kijani cha jeshi. Tumempa rangi ya mchanga. Gari lenye sura ya jeshi kwenye barabara ya Garsen kuelekea Mokowe litasimamishwa kila kizuizi, na dereva atakuwa na maelezo ya kutoa kuliko safari yenyewe. Rangi ikibadilika, kitabu cha gari nacho kibadilishwe.

Februari, ekseli na breki

Matufe ya mbele, yale yanayong'aa nyuma ya magurudumu na kuzungukwa na sili, yana vishimo vya kutu. Sili mpya juu ya tufe lenye vishimo hukatwa ndani ya mwezi. Mapya ya ubora wa kweli ni ghali, na ya bei nafuu kromu yake huanza kubanduka pwani kabla hujamaliza kulipa. Haya tumeyasafisha vishimo, tukajaza epoksi ya chuma, tukasugua kwa msasa wa maji namba 400 kisha 800, mikono ikizunguka upande uleule ambao sili inafuta. Ndani tumetia grisi nyepesi ya matufe badala ya lita nusu ya oili ya EP90 ya asili. Kwa gari lisilokwenda mbio, grisi inavumilia sili iliyochoka.

Ukakamavu wa ngumi ya usukani unapimwa kwa mizani ya springi, iliyofungwa kwenye tundu la tai rodi, kabla ya sili kuwekwa: kilo 5 hadi 7 ndipo ianze kugeuka. Ikilegea chini ya hapo usukani utatetemeka ukivuka tuta kwa kasi ya kilomita 60. Watu hubadilisha shokomzoba na kusawazisha tairi bure. Inarekebishwa kwa kupunguza shimu, vibati vyembamba vilivyo chini ya kifuniko cha juu.

Beringi za habu: tunakaza huku tukizungusha, tunalegeza, tunapima mchezo kwa saa ya kupimia, 0.10 milimita. Funga wosha ya kufungia kwa kuikunja upande mmoja kwa nati ya ndani, mwingine kwa ya nje. Nati za magurudumu futi-ratili 75 hadi 85, zirudiwe baada ya kilomita 100 za kwanza.

Breki za 109 zina dramu za inchi 11, na mbele kila gurudumu lina silinda mbili. Ndiyo maana hewa haitoki kirahisi, na pedali hubaki laini hata masta silinda ikiwa mpya. Njia yetu: virekebishi vyote vinalegezwa hadi viatu viachane na dramu, pistoni zirudi ndani kabisa, hewa ikose pa kukaa. Halafu tunaanza gurudumu la mbali na masta silinda, pedali ikisukumwa polepole na kuachwa sekunde kadhaa, si kupigwapigwa, kwani kupigapiga huvunja kiputo kimoja kuwa kumi. Mwisho viatu vinabanwa hadi viguse dramu, kisha vinalegezwa hadi gurudumu lizunguke huru.

Mabomba ya chuma yote yametupwa, tumeweka ya shaba na nikeli ya 3/16 ya inchi. Majimaji ya breki ni DOT 4. Hunyonya unyevu, na kwa hewa ya Malindi tunayabadilisha kila mwaka. Silinda inayoganda mara nyingi ni ya gurudumu lisilosumbua, ambalo hakuna aliyelifungua.

Springi zimefunguliwa jani kwa jani, zimesuguliwa, zimepakwa grisi ya grafiti. Hapo hatukuwa na la ziada.

Machi, injini

Presha ya silinda kabla ya kufungua, injini ikiwa na moto na kabureta wazi: tatu ziko sawa, ya nne iko chini kwa zaidi ya asilimia 10. Hedi imetoka. Valvu ya ekzosi ya nne imeungua ukingo, na sababu haikuwa valvu.

Ukiondoa vifuniko vya duara ubavuni mwa bloku, nyuma karibu na silinda ya nne utakuta tope gumu la kahawia limejaa hadi nusu ya njia ya maji. Maji ya kisima yaliyotiwa miaka nenda rudi yameacha chokaa na kutu, na yote hutulia nyuma kwa sababu ndiko maji yanakotembea polepole. Silinda hiyo ikapata joto kuliko wenzake, kiti cha valvu kikapinda kidogo, moto ukapenya. Kubadilisha valvu bila kuchokoa tope ni kurudi hapohapo mwakani. Tumechokoa kwa waya wa springi na bisibisi ndefu kupitia matundu ya vifuniko, tukasuuza kinyumenyume, tukaweka vifuniko vipya vya shaba. Kuanzia sasa ni maji ya mvua au maji yanayodondoka kwenye AC za hoteli, pamoja na kizuia kutu cha radieta.

Na themostati inabaki. Mafundi wengi wa pwani huitoa wakidai ya nchi za baridi. Kwenye injini hii kuna njia fupi inayorudisha maji kwenye pampu, na themostati ikifunguka ndiyo huyaelekeza radieta. Ukiitoa, sehemu ya maji moto inazunguka bila kupoa, na kwenye mlima wa Marafa utaona mshale ukipanda.

Hedi imesawazishwa kwa mkereza, viti vya valvu vimesagwa. Bolti kubwa za hedi futi-ratili 65, kwa kuanzia katikati kwenda nje, awamu tatu, na kukazwa upya baada ya injini kupata moto. Kwa vile petroli yenye risasi iliondolewa Kenya 2006, tunatazama tapeti (nafasi za valvu) za ekzosi kila kilomita 5,000. Nafasi ikipungua kila mara, kiti kinaliwa, na itabidi viti vigumu vya kupachika.

Tapeti ni 0.25 milimita, ndani na ekzosi sawa, injini ya moto au baridi. Hesabu ya kukumbuka ni tisa. Valvu ya 8 ikiwa imefunguka kabisa, rekebisha ya 1. Ya 6 ikifunguka, ya 3. Ya 4 ikifunguka, ya 5. Ya 7, ya 2. Halafu geuza: ya 1 kwa 8, ya 3 kwa 6, ya 5 kwa 4, ya 2 kwa 7. Jumla ni tisa kila mara, na krenki inazungushwa kwa mpini wa mbele, plagi zikiwa nje.

Mpangilio wa moto 1-3-4-2. Plagi 0.75 hadi 0.80 milimita, pointi 0.35 hadi 0.40. Taimingi tunaanzia digrii 6 kabla ya pistoni kufika kileleni, tunarekebisha kwa mlio gari likivuta kwa gia ya nne.

Kabureta ni Zenith, na malalamiko yake ni yaleyale: moshi mweusi, inakunywa, haitulii ikiwa silensa (ikinguruma bila kukanyagwa mafuta). Kifuniko cha juu hupinda kwa kukazwa kupita kiasi, petroli ikanyonywa kupitia ufa wa gasketi bila kupita jeti. Weka kipande kwenye kioo, angalia mwanga chini yake. Hiki kilikuwa na nafasi ya fila ya milimita 0.20 katikati. Kimesuguliwa juu ya kioo chenye msasa wa maji namba 400 kwa mwendo wa nane hadi alama za kalamu ya risasi zifutike zote kwa pamoja, na oringi ndogo ya kati imewekwa mpya. Jeti hatukuzigusa. Anayetoboa jeti ili "ipumue" hajapima kifuniko.

Oili 20W-50, lita 6 na karibu lita moja zaidi kwa filta.

Aprili, umeme wa volti 24

Hapa karakana imegawanyika. Upande mmoja unasema geuza yote iwe volti 12, spea za Landirova ya kawaida zimejaa Mombasa. Hoja ina nguvu kwenye distribyuta na plagi zile za kuvishwa chuma, kwani kweli hazipatikani. Lakini kugeuza maana yake ni stata, jenereta, balbu zote, mota ya waipa, honi, kikatishi cha indiketa na geji. Na wanasahau jambo moja: Canter na malori makubwa yote yanayopita Malindi ni volti 24. Balbu, rile, honi, alteneta za volti 24 zinauzwa hata kwenye duka la pembeni la spea. Volti 24 ndiyo imebaki.

Jenereta ya ampea 90 imetoka. Ni nzito, inataka mikanda miwili, na kisanduku chake cha kudhibiti kimeoza. Badala yake alteneta ya Canter ya ampea 40, bano limetengenezwa kwa bati la milimita 6, puli zimepangwa kwa rula ndefu. Ikichaji betri zikiwa zimejaa, mita isome kati ya 27.5 na 28.5. Zaidi ya hapo betri zinachemka, na kwa joto letu hazitafika mwaka.

Upande wa moto tumeweka distribyuta ya kawaida ya volti 12, plagi za kawaida, na koili ya volti 12 ya omu 3. Inataka kizuizi cha umeme (rezista) cha omu 3 mfululizo. Kwa volti 28 na jumla ya omu 6, ampea ni 4.7, na joto la kizuizi hufika wati 65 pale ufunguo uko wazi, injini imesimama na pointi zimefunga. Kwa hiyo kizuizi ni cha kauri cha wati 100, kimefungwa kwenye bati mbali na mabomba ya petroli. Cha wati 25 kinachouzwa rahisi huungua kimyakimya, na gari huzimika njiani bila dalili nyingine.

Kosa la kila siku kwenye magari haya ni kuvuta volti 12 kutoka betri moja ili kuwasha redio ya muziki. Betri inayovutwa haijai kamwe, mwenzake anachajiwa kupita kiasi, na baada ya miezi michache zote mbili zimekufa kwa sababu tofauti. Tumeweka kipunguza volti cha ampea 10 kwa redio na simu. Betri mbili ni za umri mmoja na ukubwa mmoja. Ikifa moja, zinabadilishwa zote.

Waya: tumetumia za boti, zenye nyuzi zilizopakwa bati, zinazopatikana kwa wauza vifaa vya boti za uvuvi. Shaba tupu hapa hugeuka nyeusi ndani ya ngozi yake hadi sentimita 20 kutoka mwisho, na hakuna fyuzi itakayokuambia. Viungo vimebanwa kwa koleo na kuvishwa mpira unaonywea kwa joto, wenye gundi. Ardhi, njia ya umeme kurudi betri, ni mkanda mmoja kutoka injini hadi chesisi, mwingine chesisi hadi bodi, chuma kimesuguliwa, kimekazwa, ndipo kikapakwa grisi juu. Taa zinazofifia ukipiga honi kwenye Landirova, tisa kati ya kumi ni ardhi.

Mei, mvua na barabara

Jaribio la kwanza limekuwa barabara ya Marafa, sehemu ya udongo mwekundu, kisha mchanga wa Mambrui. Tairi 7.50-16, mbele psi 25, nyuma 36 kukiwa na mzigo. Kwenye mchanga tunashusha zote hadi 18 na kujaza tena kabla ya lami. Gia ya magurudumu manne haitumiki kwenye lami: ekseli mbili hazina difu katikati, na zikibanana kitakachovunjika ni shafti ya nyuma.

Baada ya kila safari ya ufuoni gari linaoshwa chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, mpira ukiingizwa kwenye matundu ya reli hadi maji yatoke safi. Kila mwezi mmoja: nipeli za grisi kwenye propela shafti, bisibisi kwenye matundu ya kutolea maji. Kila mwaka kabla ya kusi: nta ndani ya chesisi, majimaji ya breki, na kuangalia oili ya giaboksi kwenye vizibo vya kupimia. Oili ya giaboksi ikipungua huku ya kisanduku cha pili ikipanda, haivuji nje, inapita kwenye sili iliyo kati yao. Hadi sili ipatikane unapima na kusawazisha, lita 1.5 kwenye giaboksi na lita 2.5 kwenye kisanduku cha pili. Kwenye giaboksi usitie EP90 ya GL-5, inakula shaba ya sinkronaizi. Ya GL-4 ndiyo yake.

Yaliyobaki: kebo ya spidomita inalia, tangi la kushoto bado linatoa chembe za kutu kwenye kikombe cha kioo cha pampu, kwa hiyo gari linatembea kwa la kulia pekee mpaka la kushoto lioshwe kwa siki na mnyororo. Sili ya giaboksi imeagizwa Nairobi.